Kilichokuwa Chini ya Noti ya Mwisho

Lemuel Gaines alikuja kwangu Jumamosi mchana, kofia mkononi, na kabla hajaketi nilijua amekuja kuomba jambo ambalo yeye mwenyewe analionea haya. Nilimfundisha piano tangu miguu yake haijafika kwenye kanyagio. Mtu uliyemfundisha vidole unamjua hata kwa namna anavyobisha hodi, na siku ile alibisha kwa upole uliozidi kiasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Nimepita tu kuwajulia hali. Nimemwona Ardelia hapo nje, naona anazidi kuwa..."

"Lemuel, hukuvuka mji mzima wa Pittsburgh kuja kumtazama mjukuu wangu barazani. Sema lililokuleta."

Akasema. Jumba jipya la maonyesho lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Kamati ya Ufunguzi ilikuwa imemteua yeye kuongoza bendi, na bendi yenyewe ni kubwa, yenye tarumbeta na saksafoni za kutosha kuangusha ukuta. Walitaka mwimbaji mmoja kutoka kwa watu weusi, awe msichana mwenye adabu na sauti nzuri, naye amewatajia Ardelia. Walitaka wimbo mmoja tu, tena wameuchagua wenyewe. Ni "Sigeuki".



Jumba hilo limejengwa juu yetu. Sisemi kwa mafumbo. Hapo penye mlango wake wa mashariki palikuwa na nyumba yangu ya matofali, ghorofa mbili, niliyoipata kwa kufundisha watoto wa watu sol-fa na piano tangu ujana hadi mvi. Penye maegesho ya magari palikuwa na kinyozi, duka la dawa, na klabu yetu ya wanamuziki, na penye ukumbi wenyewe palikuwa na Kanisa la Mlima Nebo ambako niliongoza kwaya. Mji ukasema mtaa wetu ni uchafu. Ukaleta winchi yenye tufe la chuma, ukatuangushia kuta, ukatutawanya kama makapi. Mimi nikaangukia huku Homewood, katika nyumba ya kupanga ambayo sebule yake haitoshi piano na kiti kwa pamoja. Sasa walitaka mtoto wa mtaa ule asimame juu ya kaburi la mtaa ule awaimbie "Sigeuki".

Nieleze wimbo wenyewe, kwa sababu bila hivyo ghadhabu yangu itaonekana ya mzee aliyechoka. Ulitungwa miaka thelathini nyuma kwa ajili ya mchezo wa jukwaani huko New York. Mchezo ulikufa, wimbo ukabaki, na hakuna bendi ya jazi katika nchi hii isiyoujua. Mwanamke anapita mbele ya nyumba aliyoishi zamani na mtu aliyempenda. Napita mtaa ule, sigeuki. Taa ikiwaka, siulizi ni ya nani. Kila mstari ni wa kukana. Hakumbuki, hajali, halii. Mwishoni anawaambia wasikilizaji: msinihurumie, niko salama.

Hayo ndiyo maneno. Ukiyasoma kwenye karatasi utadhani mwanamke huyu amepona. Lakini mtunzi hakuuweka ukweli kwenye maneno. Aliuweka katika mapatano ya sauti, yaani katika yale mafungu ya noti ambayo piano huyatandika chini ya mwimbaji. Muziki una nyumbani kwake. Kila aliyeimba kwaya anapajua: ni ile do ambayo sikio huitamani kama msafiri anavyotamani kitanda chake. Katika wimbo huu, kila mstari unapokaribia do, mkono wa kushoto hukengeuka na kuteremka hadi la, noti iliyo chini kidogo ya do, na pale palipotarajiwa baraza lenye jua tunakuta kiza. Mdomo unasema nimesahau, na mkono wa kushoto unasema mwongo huyu. Mara moja tu, kwenye neno "mlango", mtunzi anamruhusu mwanamke afike nyumbani. Do, mi na sol zinasikika pamoja kwa mapigo mawili, na ndani ya mapigo hayo unauona mlango wenyewe, kitasa chake, na mtu aliyekuwa akiufungua. Kisha unafungwa.

Na noti ya mwisho, kwenye "salama", ni mi. Mi ni mtoto wa nyumba mbili. Weka do chini yake, utasikia mtu aliyeketi kwake. Weka la chini yake, utasikia mtu yuleyule, kwa uso uleule, amesimama nje ya nyumba ya mwingine. Mwimbaji hawezi kuamua peke yake. Ataimba mi yake na neno lake, na aliye chini yake ndiye atakayewaambia watu kama neno hilo ni kweli au si kweli. Mtunzi aliweka la. Wapiga piano wote wenye heshima huweka la. Lemuel alijifunza la hiyo akiwa ameketi kando yangu, katika nyumba ile ambayo sasa ni mlango wa mashariki.

"Nipigie utakavyoipanga," nikamwambia.

"Mwalimu, bado sijamaliza..."

"Piga."

Akaketi kwenye piano. Alipiga vizuri, sikumfundisha kupiga vibaya. Lakini kila mahali palipokuwa na kiza alikuwa amefungua madirisha. Mstari wa kwanza ukaenda moja kwa moja do, wa pili do, na alipofika "salama" akashusha do-mi-sol kwa mikono yote miwili, pana na nono, kama keki ya harusi. Mwanamke wa wimbo ule amefika nyumbani, amevua viatu, amelala. Hata lile neno "mlango" lilikuwa limekufa, kwa maana mtu aliye ndani siku nzima haoni ajabu ya mlango.

"Nani kakuambia ufanye hivyo?"

"Kamati haikutaja mafungu ya sauti, Mwalimu. Hawajui hata ni nini. Walisema tu wanataka uwe mchangamfu. Watu waende nyumbani wakiwa na furaha."

"Nyumbani wapi?"

Akainua vidole kutoka kwenye piano.

"Nimekuuliza, Lemuel. Watu wa mtaa wetu, baada ya onyesho, waende nyumbani wapi?"

"Mwalimu, noti za mwimbaji ni zilezile. Maneno ni yaleyale. Sijagusa hata moja. Nimebadilisha chini tu."

"Toka."

"Mwalimu..."

"Kama umegusa chini umegusa kila kitu, nawe unajua, maana nilikufundisha mimi. Toka kabla sijasahau una umri gani nikakuchapa."

Akavaa kofia akatoka. Nilimsikia Ardelia akimwambia barazani, "Kaka Lem, umemfanya nini Babu? Piano imenyamaza ghafla kama mtu kaanguka." Sikusikia alivyojibiwa. Lakini walizungumza kwa muda, na Ardelia alipoingia ndani uso wake ulikuwa umeshaamua.

Nimemlea binti huyu tangu mama yake alipohamia Detroit kutafuta maisha. Mchana anapiga taipu katika ofisi ya bima, jioni anaimba, na Jumapili yuko katika safu ya sauti ya pili kwenye kwaya yangu ya huku Homewood. Aliingia jikoni, akavuta sukuma wiki niliyokuwa nimeiosha, akaanza kuikata bila kunitazama.

"Nitaimba, Babu."

"Hutaimba."

"Nina miaka ishirini na sita."

"Nami nina sabini na moja. Tukishindana kwa miaka utalala chini."

"Babu, ukikasirika hivyo utapasua mshipa, na duka la dawa lenyewe wamelibomoa."

"Usinichekeshe. Sitacheka. Unajua wanataka kukufanya nini? Wanataka usimame pale useme niko salama, na bendi nzima iape kwamba ni kweli. Kesho yake watasema, mnaona, hata wenyewe wamesema."

"Najua."

"Ulishasikia alivyoupanga?"

"Nilisikia kutoka nje. Meno yaliniuma kwa utamu." Akaacha kisu. "Lakini nisipoimba mimi wataleta mtu kutoka Cleveland. Hajui kama palikuwa na mtaa. Ataimba vizuri, atapigiwa makofi, atapanda treni. Babu, wimbo ule umeimbwa kila mahali na kila mtu. Mahali unapostahili hasa kuimbwa ni pale. Mimi nataka niuimbe pale, na niuimbe kwa kiza chake. Nitamshawishi Lem."

"Lemuel ameshanunuliwa."

"Hajanunuliwa. Ameogopa tu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Aliyenunuliwa harudi."

Nikamwambia neno langu, na sikulisema kwa hasira. Nililisema taratibu ili lisipate pa kutokea. Akisimama katika jumba lile akaimba "salama" juu ya fungu lile la Lemuel, asikanyage tena kwaya yangu. Sitaongoza kinywa kilichotumika kutufukia. Akaokota kisu, akaendelea kukata sukuma.

"Sawa, Babu," akasema. "Chumvi iko wapi?"

Mazoezi yalifanyika katika bwalo la shule moja, kwa kuwa klabu yetu ilikuwa mavumbi. Nilikwenda. Sikualikwa, lakini hakuna mwanamuziki mweusi katika mji huu anayeweza kunifungia mlango, na nusu ya waliokuwa wamekaa pale waliinuka nilipoingia. Bwana Whitcomb wa kamati alikuwepo, ameegemea ukuta, uso mwekundu wenye tabasamu lisilozimika.

"Wewe ndiye Ambrose," akaniambia. "Nimesikia habari zako, Ambrose. Babu mwenye fahari, eh?"

Mtu aliyeweza kuwa mwanangu wa mwisho, ambaye hatujawahi kujulishana, ananiita kwa jina nililoitwa na mama yangu.

"Mimi ni Mwalimu Tolliver," nikasema.

"Bila shaka, bila shaka," akasema, akanipiga bega.

Ardelia aliimba mara ya kwanza na mpangilio wote wa Lemuel. Walipomaliza, mpiga saksafoni mmoja mwenye mwili akaweka chombo chake magotini.

"Lem, hapo mwisho umetia sukari kilo nzima. Daktari wangu kanikataza."

Wenzake wakacheka. Lemuel hakucheka. Ardelia akamwendea karibu, nami nilikuwa kiti cha mbele, nikasikia kila neno.

"Kaka Lem, nirudishie la."

"Haiwezekani, Ardie."

"Sitaki zote. Nipe ya mwisho tu, kwenye 'salama'. Hao waheshimiwa hawatajua hata kilichotokea."

"Hawatajua, ila watahisi. Wakihisi vibaya wataniuliza mimi, si wewe. Hii ni bendi ya kwanza ya mji mzima kuongozwa na mtu wetu. Nikiharibu, haitakuwepo ya pili. Unataka nifanye nini?"

"Nataka upige kilichoandikwa."

"Na mimi nataka watu wetu hawa wapate kazi humu ndani kila wiki. Babu yako anaweza kukasirika. Amestaafu."

Nilianza kuinuka. Ardelia alininyooshea kiganja nyuma ya mgongo wake, bila kugeuka, kama mtu anavyomtuliza mbwa. Nikaketi, na ghadhabu yangu ikapata mtu wa pili wa kumwangukia.

"Basi nipe mstari wa mwisho peke yangu," akasema. "Bendi inyamaze. Niimbe 'msinihurumie, niko salama' bila kitu chini. Nikishafika kwenye noti, nikaishika, ndipo uingie na keki yako."

Hilo ni jambo la kawaida. Waimbaji wengi huliomba, bendi husimama na mwimbaji hubaki uwanjani peke yake. Lemuel akafikiri. Niliona anavyoyapima: kimya, sauti moja, kisha bendi nzima inamwagika. Fungu lake lingeng'aa maradufu.

"Hilo sawa," akasema. "Tena zuri."

"Safi sana," akasema Bwana Whitcomb kutoka ukutani. "Na Ardelia, mpenzi, hapo mwisho, tabasamu."

Nilingoja tuvuke kizingiti cha nyumba.

"Umempa silaha," nikamwambia. "Angeweka fungu lake chini yako na watu wangelisahau. Sasa utawanyamazisha wote, wamsikilize yeye akikudanganyia."

"Huenda."

"Basi kwa nini umeomba?"

"Kwa sababu kama sipati la yangu, angalau kwa pumzi moja sitakuwa na do yao." Alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa imekauka. "Babu, sina mpango. Usinitazame hivyo. Ningekuwa nao ningekuambia. Nimechukua nilichokipata. Njoo siku hiyo."

"Nitakuja kushuhudia aibu."

"Njoo kwa lolote, mradi uje."

Siku ya ufunguzi walitupa viti vya juu kabisa, safu za nyuma zilizobana chini ya paa, na huko ndiko tulikokutana wote tuliokuwa tumetawanywa. Sikuwa nimewaona kwa pamoja tangu tufe la chuma. Waliokuwa na kofia za Pasaka walizivaa. Kando yangu alikaa Mama Eulalie Prater, mama mkuu wa kanisa letu, aliyekwisha kuzika waume wawili na wachungaji watatu, na asiyemwogopa yeyote aliyebaki.

"Jumba kubwa hivi," akasema, "na viti vya kukalia kuku. Tolliver, hapa tuko juu ya nini?"

"Madhabahu, Mama. Au karibu yake."

"Nilidhani hivyo. Magoti yangu yanapajua."

Waheshimiwa wa mji walihutubu. Waliuita mtaa wetu eneo. Walisema eneo hili lilikuwa limedumaa na sasa linachanua. Mtu mmoja wa safu ya mbele yetu alikunja programu yake taratibu, akaikunja tena, hadi ikawa ngumu kama kijiti. Hatukupiga kelele. Wazazi wetu walitufundisha kuketi wima mbele ya watu wanaotutukana, na fundisho hilo limetugharimu mengi.

Kisha Ardelia akatoka. Alivaa gauni la kijivu, lisilo na pambo. Lemuel akainua mkono na bendi ikaanza, nyepesi, ya kurukaruka. Napita mtaa ule, sigeuki. Do. Taa ikiwaka, siulizi. Do. Chini, kwenye viti vya mbele, niliona vichwa vyenye mvi vikitikisika kwa raha. Alipofika "mlango" aliimba neno hilo kama mtu aliyekutana nalo njiani ghafla, akalichelewesha kidogo nyuma ya pigo, lakini bendi haikumngoja, ilipita ikicheka. Mikono yangu ilikuwa imeshika magoti. Nimesikia wimbo huo ukipigwa vibaya na walevi, nikawasamehe. Huu ulikuwa unapigwa vizuri.

Bendi ikanyamaza.

"Msinihurumie," akaimba, peke yake, katika jumba lile lote. Alichukua muda. "Niko salama."

Mi. Akaishika. Haikuwa na kitu chini, haikuwa ya furaha wala ya huzuni. Ilikuwa imening'inia tu, kama mtu aliyeulizwa swali mbele ya hakimu. Lemuel alikuwa ameinua mkono. Ardelia hakuwatazama waliokaa mbele. Aliinua uso akatutazama sisi.

Sasa kuna jambo ambalo Lemuel alilisahau, na Ardelia, naapa, hakulipanga. Na mimi, niliyepaswa kulijua kuliko wote, sikulifikiri. Kwetu mwimbaji haachwi peke yake. Hatufundishwi. Mtu akisimama kanisani akaimba, sauti yake ikabaki tupu, waliokaa huguna chini yake, midomo imefungwa, kumtegemeza, kama unavyoweka mkono chini ya kiwiko cha mgonjwa. Hakuna anayeamuru. Ukiacha sauti tupu mbele ya watu wa Mlima Nebo, hawawezi kuketi nayo, kama mama asivyoweza kuketi akisikia mtoto analia.

Mama Prater alifumba macho. Akaguna.

Aliguna la. Si do. Mwanamke huyo hajui sol-fa, alinikimbia darasani kwa kiburi. Lakini wimbo ule ameusikia miaka thelathini kwa kiza chake, na aliketi juu ya madhabahu yake iliyovunjwa. La ilimtoka kifuani, nzee, yenye mikwaruzo. Mtu wa programu iliyokunjwa akaishika. Safu ya nyuma ikaishika. Wanaume wa sauti ya nne, wale niliowapigia kelele miaka mingi waimbe kwa kifua na si kwa pua, wakateremka nayo hadi chini kabisa, na safu kwa safu tukaanza kutetemeka. Nimewahi kuwatoa watu nje ya maonyesho kwa kosa la kuguna. Niliguna.

Lemuel alisikia. Nilimwona mgongo ukikakamaa. Mkono ulikuwa bado hewani; angeweza kuufumba, na bendi isingepiga. Angeweza kuwaashiria wapige la. Wote waliijua.

Akaushusha.

Tarumbeta zikaingia na do-mi-sol yake, pana, inayong'aa, kwa nguvu zote. Lakini katika mapatano ya sauti kuna sheria moja niliyomfundisha kabla hajaota ndevu: aliye chini kabisa ndiye anayeamua. Ukiweka la chini ya do-mi-sol, do si nyumbani tena. Ung'avu wote ulioko juu unageuka kuwa sehemu ya kiza. Besi yake ilikuwa mtu mmoja. Sisi tulikuwa mtaa. Walituketisha juu kabisa kama ndege, nasi tukawa chini yao, na kila kilichong'aa katika bendi ile kikaanza kuomboleza, pamoja na tarumbeta zenyewe, bila hata mpigaji mmoja kubadilisha noti yake.

Tarumbeta zina pumzi moja. Zikaisha. Sisi tulipokezana pumzi, kama tulivyozoea, na la haikuisha. Ardelia alikuwa bado kwenye mi, akivuta hewa na kurudi, hana tabasamu. Niko salama, alikuwa amesema. Na hapakuwa na mtu mwenye masikio katika jumba lile aliyeweza kuamini.

Wenye masikio, nasema. Bwana Whitcomb alipanda jukwaani na kusimama kwenye kipaza sauti, akangoja, akasogeza miguu, akangoja tena. Tulipoona inatosha tuliacha. Akafungua mikono.

"Mmesikia," akawaambia watu wake. "Hata wao wameshindwa kujizuia. Wameimba nasi. Wamefurahi." Makofi yakalipuka chini. Nilihisi damu ikipanda hadi machoni. Watu hawa walikuwa wamesikia yote na hawakusikia chochote. Walishika neno na kuliacha lililo chini yake. Kisha akamgeukia Lemuel, kwa ukarimu, kama anayempa mtoto pipi. "Si ndivyo, Gaines? Wamefurahi?"

Lemuel alisogea kwenye kipaza sauti. Alikuwa na jasho. Alitutazama huko juu, na najua hakuweza kutofautisha uso wangu, lakini alitazama kwa muda kama anayeutafuta. Angeweza kusema ndiyo, bwana. Neno moja lingempa kazi kila wiki, yeye na watu wake. Lakini alikuwa na sikio, nami ndiye niliyelinoa, na sikio lililonolewa haliwezi kuambiwa la ni do.

"Hapana, bwana," akasema. "Hiyo haikuwa furaha."

"Samahani?"

"Hawakufurahi. Wamekasirika. Ndivyo noti ile inavyosema."

Mama Prater akasema, si kwa sauti ndogo, "Kumbe mtoto anasikia."

Kamati haikumwita Lemuel tena, wala bendi yake. Yule mpiga saksafoni amerudi kuendesha lifti. Bwana Whitcomb amepandishwa cheo. Ardelia yuko katika sauti ya pili kila Jumapili, na tangu siku ile sijamkosoa pumzi yake, jambo linalomtia wasiwasi. Lemuel alikuja nyumbani mara moja, akasimama barazani, akasema, "Mwalimu, nilisema kweli." Nikamwambia, "Ulisema baada ya kushusha mkono." Hakubisha. Nikamfungulia mlango, nikampa kahawa, tukaketi tukiwa tumeigeuzia magoti piano ambayo hakuna aliyeigusa.

Ananidai msamaha, nami sijautoa. Sijauchoma pia. Kuhusu wale wengine, walioketi mbele na kupiga makofi, hasira yangu haijapoa, wala sijamwomba Mungu aipoze.